Serikali Tatu kwenye Shamba la Nkwimba

Mwanangu Minza,

Umetoka sasa hivi kwenda kwa fundi kuchukua suti yako nyeusi. Umeacha mlango wazi na redio ikiimba, nami nimevuta meza ndogo hadi barazani ili niandike kabla hujarudi. Kesho saa kama hizi utakuwa ndani ya basi la Dodoma. Mambo ya sanduku, chakula cha njiani na wapi utafikia nimemwachia shangazi yako, anayapenda na ananishinda kuyafanya. Baba yako amekwenda stendi kumpokea babu yako anayetoka Shishiyu, na ninavyowajua wale wawili, watasimama kusalimia kila mtu njia nzima. Kwa hiyo nina nafasi.

Nina furaha, mwanangu. Tangu ulipopangiwa kituo natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Jana nilimwambia mlinzi wa getini kazini kwamba binti yangu ameajiriwa kuwa wakili wa serikali, kisha jioni wakati natoka nikamwambia tena. Yule kijana ana adabu. Alishangaa upya kabisa, kama hajawahi kusikia.

Unakumbuka babu yako alivyosema kwenye simu tulipompa habari? Alikupongeza weee, halafu akauliza, "Lakini nieleze, mjukuu wangu. Serikali ina polisi, ina wakuu wa wilaya, ina magari. Sasa inatetewa ya nini? Huyo wakili si wangetupa sisi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanigeukia ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, nimjibu nini?" Nikakwambia tutaongea, na hatujaongea. Kila siku wageni, kila siku chai. Leo nakujibu. Jibu lenyewe ni kisa kimoja, na wewe ulikiona mkia wake tu.

Ulikuwa kidato cha pili, uko nyumbani likizo. Nilirudi suti yangu ya mahakamani imelowa, viatu vimejaa tope jekundu, nywele zimenishikana kichwani. Ukaniuliza kama nimetumbukia mtoni. Nikasema nilikuwa kazini, nikapita kwenda kuoga. Haya, sasa sikiliza nilikotoka.

Kulikuwa na mama mmoja mkulima katika kijiji kimoja cha mkoa wetu huu. Jina la kijiji silitaji, wewe mwenyewe utajifunza kwa nini tunaficha majina. Yeye nitamwita Nkwimba. Alilima pamba na mahindi, alikuwa na ng'ombe wa kutosha, na shamba lake lilikuwa mahali ambapo kila mtu alipataka, kati ya barabara na mto. Kwanza wakaja watu wa barabara, wakachomeka vigingi kwenye pamba yake. Baadaye wakaja watu wa maji wakachimba kisima kirefu, wakayapata maji, wakafunika mdomo wa kisima kwa chuma wakisubiri pampu. Mwisho halmashauri ikaja na greda ikasafisha kipande kilichobaki, ikasema hapo patakuwa mnada wa mifugo. Hao wote ni serikali, Minza. Na hakuna kati yao aliyemkalisha Nkwimba chini na kumuuliza neno.

Nkwimba akaenda mahakamani. Akashtaki taasisi ya maji, taasisi ya barabara na halmashauri. Kwa sheria zetu, ukiishtaki taasisi ya umma unaiunganisha na serikali yenyewe, na sisi mawakili wa serikali ndio tunaosimama kwa niaba ya wote. Ndivyo faili lilivyotua mezani kwangu hapa Bariadi. Na kabla hata hatujaanza, mahakama ikatoa zuio. Mtu yeyote asiguse chochote pale shambani mpaka shauri liishe.

Utaona tatizo. Kilikuwa kiangazi. Maji yalikuwepo chini ya kile kifuniko cha chuma, na hapo hapo kina mama walikuwa wanapita na ndoo kwenda kufukua mchanga mtoni. Kijiji kikamgeukia Nkwimba. Watu wakaacha kumwitikia salamu. Mimi niliyekulia kijijini Lingeka nikichunga ndama wa baba, naijua adhabu hiyo. Unamwambia mtu "mwangaluka" asubuhi, anapita kama amepita mti.

Basi nikazitaka taasisi zile zote zilete majibu yao. Kila moja ina afisa sheria wake, na kila mmoja aliandika vizuri tu, kwa lugha safi. Halmashauri ikasema shamba ni ardhi ya kijiji, Nkwimba aliazimwa tu. Watu wa maji wakasema Nkwimba ni mwenye shamba na aliwapa nafasi ya kisima kwa hiari yake. Watu wa barabara wakasema eneo lote ni hifadhi ya barabara, hapaswi kuwepo mtu yeyote wala kitu chochote.

Umeshaona? Ukikubali maneno ya watu wa maji, halmashauri imesema uongo. Ukikubali maneno ya halmashauri, watu wa maji walipewa ruhusa na mtu asiye na shamba. Na ukikubali ya watu wa barabara, basi kisima ni haramu, mnada ni haramu, na serikali inapaswa kujivunjia vitu vyake yenyewe! Mimi nilikuwa nimeyapokea kwa haraka, nikayaambatanisha yote, nikaingia nayo mahakamani.

Jaji alikuwa mama mtulivu, mwenye miwani inayoshuka puani. Akasoma, akarudia kusoma. Akanitazama juu ya miwani.

"Wakili msomi," akasema, "hii serikali unayoiwakilisha leo ni ipi? Maana hapa mbele yangu naziona tatu, na zinagombana."

Watu wakacheka. Wakili wa Nkwimba hakucheka, alikuwa muungwana, lakini aliinamia karatasi zake mabega yakitikisika. Nikaomba shauri liahirishwe. Nikatoka nje mashavu yanawaka. Pale ngazini Nkwimba mwenyewe alinipita, kanga imekazwa kiunoni, akaniambia, "Pole, mayu." Akaniita mama, mimi niliyekuja kumpinga.

Niliporudi nikaita kikao. Maafisa sheria wote wakaja Bariadi. Wa halmashauri alikuwa kijana mwenye bidii, wa barabara alikuwa bwana mmoja mtu mzima, mkali, anayejua sheria ya barabara kama anavyoijua Sala ya Bwana. Wa maji unamjua. Ni mama yako mdogo Zuhura, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, ambaye siku hizi mnapikiana pilau. Wakati ule tulikuwa hata hatujuani, na alidhani mimi ni mtu wa dharau.

Kikao kile kilikuwa vita. Kila mmoja alitaka mimi nichague jibu lake na kuyatupa ya wenzake.

"Hifadhi ya barabara ni hifadhi ya barabara," yule bwana akasema akigonga meza. "Mimi sitoi hata inchi."

"Na mimi wananchi wangu wanywe nini? Lami?" Zuhura akamjibu kwa ile sauti yake ya pwani, tamu na yenye wembe ndani.

Nikalipeleka suala hilo kwa mkuu wangu wa kazi. Yeye akaona jambo ni rahisi. "Chagua jibu lenye nguvu kuliko mengine," akasema. "Hao wengine waambie wafute ya kwao. Ndiyo maana ya kuratibu." Nami nikarudi mezani nikayapanga majibu yale, nikatafuta lenye nguvu. Nilitafuta kwa moyo wote, nakwambia. Lakini kila nilipolishika moja nikaona halijui kitu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona lile shamba. Tulikuwa tunashindana juu ya udongo ambao hatujaukanyaga.

Ndipo nikasema twende. Na twende kwa gari moja.

Ungeona vurugu za hilo gari moja! Kila taasisi ilitaka kwenda na gari lake na dereva wake. Bwana wa barabara akasema kwa cheo chake hawezi kubanana. Nikamwambia, "Kaka, jaji ametuona serikali tatu. Mimi nataka wanakijiji watuone tunashuka kutoka mlango mmoja." Alinuna, lakini alipanda. Akakaa mbele. Njia nzima hakusema, mpaka tulipokutana na malori ya pamba na vumbi likaingia ndani kwa nguvu, sote tukapiga chafya kwa pamoja kama kwaya. Hapo alicheka kidogo. Nikajua tunaweza.

Shambani tulimkuta Nkwimba na wakili wake, maana nilikuwa nimemwomba awepo. Hatuzungumzi na mtu mwenye wakili bila wakili wake, hilo usije ukalisahau. Mwenyekiti wa kijiji alikuwepo pia, na watu wengi pembeni, wamesimama mikono imefungwa kifuani. Hawakuwa wamekuja kumsikiliza Nkwimba, walikuja kuona akizomewa.

Nikamsalimu, nikamuuliza kwa Kisukuma ili asione anahojiwa. Nikasema, tueleze kwa maneno yako unataka nini.

Hakuanza na anachotaka. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza kila mtu ametoka wapi. Tulipomaliza kujitambulisha akapiga makofi mara moja, mikono yake mikavu ya mtu wa jembe.

"Kumbe mnajuana," akasema. "Mimi nilikwenda kwa watu wa maji, wakaniambia nenda halmashauri. Halmashauri wakaniambia nenda kwa watu wa barabara. Wa barabara wakaniambia rudi kwa watu wa maji. Nimezunguka mpaka ndala zikakatika. Nilipoona siwapati, nikauza ng'ombe, nikaenda mahakamani. Leo ndiyo mara ya kwanza nawaona mmesimama pamoja. Kumbe ilibidi niwashtaki ili mkutane?"

Minza, nimefanya kazi hii miaka mingi. Nimesikia hoja za mawakili wakubwa, wenye majoho na sauti nzito. Hakuna hoja iliyonipiga kama ile. Wale watu waliofunga mikono kifuani wakaanza kuiteremsha. Mama mmoja mwenye ndoo akasema kwa sauti, "Kwa hiyo hukatai maji?"

"Nikatae maji mimi?" Nkwimba akamgeukia. "Na hawa ng'ombe wangu wanywe mate yangu?"

Basi kicheko kikapasuka pale, cha watu waliokuwa hawasemezani. Nkwimba akaeleza. Kisima kibaki. Anataka njia ya ng'ombe kwenda mtoni isifungwe, maana mnada umewekwa katikati ya njia hiyo. Kipande kinachochukuliwa apewe kingine kijijini. Na pamba yake iliyosimama aachiwe aivune. Ndiyo hayo tu. Kumbe hata mnada haukuhitaji kuwa pale. Mwenyekiti alituonyesha mahali pengine ng'ambo ya barabara, tambarare, pasipolimwa na mtu.

Bwana wa barabara akasema bado ana shida ya hifadhi yake. Zuhura naye alikuwa amesimama kwenye kile kifuniko cha chuma, baibui lake limejaa vumbi. Kisha akasema mbele ya watu wote, "Sisi kwenye majibu yetu tuliandika kwamba mama huyu alitoa nafasi kwa hiari yake. Nimeuliza hapa tangu nimeshuka garini. Hakuna aliyewahi kumuomba. Mimi nitaurekebisha upande wangu."

Hakushurutishwa na mtu. Angeweza kunyamaza mpaka tukarudi Bariadi. Baada ya hapo bwana wa barabara hakuwa na namna. Alichukua futi ya kupimia, akakunja suruali, akatembea mwenyewe kwenye vigingi vyake na mwenyekiti, wakipima na kubishana. Aliporudi akasema barabara inaweza kupita bila kugusa kisima, ikisogezwa kidogo upande wa pili. Alisema kwa hasira, kama anayeng'olewa jino. Lakini alisema.

Sasa ikabaki sehemu iliyonitisha mimi. Ilinibidi nirudi niwashauri wakubwa kwamba serikali isipigane, ikubali kumaliza shauri kwa makubaliano. Hilo mwanangu halikuwa dogo. Ukipigana ukashindwa, watu wanasema sheria ilikuwa ngumu. Ukishauri kukubali, wanauliza umepewa nini. Mkuu wangu aliniuliza, "Unataka niwaambie wakubwa kwamba tumeshindwa kabla ya kuanza?"

Nikamwambia, "Mzee, mimi sijaona tulichoshindwa. Kisima chetu, barabara yetu, mnada wetu, na yule mama naye ni wetu. Tukimshinda yule, tumemshinda nani?"

Akanisogezea karatasi. Akasema, "Andika. Nitasaini. Wakiuliza nitasema ni wewe." Na akatabasamu, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo.

Kusubiri kibali kulinikondesha. Wewe ulikuwa ukilalamika ugali wangu una madonge. Ulikuwa na madonge kweli. Nilikuwa nausonga huku nafikiria kama kesho nitapigiwa simu ya kuhamishwa. Na kule kijijini ndoo ziliendelea kwenda mtoni. Hatimaye kibali kikaja, wote wakasaini, tukaingia mahakamani na hati moja. Jaji akaisoma yote. Akamuuliza Nkwimba kama ameelewa na kama amekubali bila kulazimishwa. Nkwimba akajibu kwa Kiswahili chake cha kunyoosha, "Nimeelewa, Mheshimiwa. Wameniuliza." Neno hilo tu. Wameniuliza. Zuio likaondolewa.

Siku pampu ilipofungwa tulikwenda tena, nikiwa nimetokea moja kwa moja kwenye shauri jingine na suti yangu mwilini. Fundi akawasha. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likakohoa tena. Kimya. Nkwimba alikuwa mbele, karibu na birika la kunyweshea ng'ombe, na mimi nikiwa kando yake nikiomba kimoyomoyo. Halafu likatema, mwanangu! Maji mekundu ya tope, kwa nguvu, yakatupiga sisi wawili kifuani. Vigelegele vikapanda. Watoto wakaingia chini ya bomba na nguo zao. Zuhura alirukaruka kama msichana, na bwana wa barabara, akiwa na tai yake, alikuwa amebeba ndoo ya bibi mmoja kichwani, akituamuru tumpishe njia.

Si kila kitu kilikaa sawa. Kipande walichompa Nkwimba kilikuwa na mawe kuliko cha kwanza, na mpaka leo ananisema nikipita. Wapo majirani ambao hawakurudisha salamu zao. Mimi nayajua hayo na nayabeba. Sitaki uende Dodoma ukidhani kila mahali utakuta bomba linalotema maji mwishoni. Mashauri mengi yanaisha kwa karatasi tu, na mengine utashindwa ukiwa na haki, na mengine utashinda halafu usilale vizuri.

Lakini hebu fikiria unakokwenda! Unakwenda kwenye ofisi ambayo kazi yake ni hiyo hasa, kuwakusanya wanasheria wa wizara na taasisi mbalimbali washauri kwa sauti moja na kusimama mahakamani pamoja. Sisi tulibahatisha, kwa gari moja na vumbi. Nyinyi mtafanya mapema, kabla mtu hajauza ng'ombe wake. Simu ikipigwa asubuhi kwa wa maji, wa barabara akajua mchana, kuna Nkwimba mahali fulani hatakata ndala zake. Hatakujua jina, na wewe hutamwona. Mimi nikifikiria hivyo nashindwa kukaa.

Watakuchosha. Utakutana na watu wanaolinda ofisi yao kama zizi la baba yao, nao watakuona mtoto. Waheshimu, waamkie vizuri, kisha rudi tena kesho yake na swali lile lile. Ukiona majibu mazuri yamepangwa mezani na hakuna hata mmoja mwenye vumbi kwenye viatu, omba gari. Na mtu akikiri mbele ya watu kwamba upande wake ulikosea, kama alivyofanya Zuhura, usimwache asimame peke yake. Nenda ukasimame naye.

Kwa hiyo babu yako akikuuliza tena leo mezani, na atauliza, mwambie serikali haitetewi dhidi yake. Mwambie kuna siku serikali inakuwa nyingi mno, haijielewi, na inahitaji mtu wa kuiita pamoja imsikilize. Mwambie mjukuu wake ndiye huyo. Halafu mwongezee nyama, asipate nafasi ya kubisha.

Nasikia bodaboda inakata kona. Ni wewe, nakijua kicheko chako, unambishia dereva kuhusu mahali pa kukushusha. Suti umeitundika juu kwa mkono mmoja kama bendera. Barua hii nitakupa mkononi, uisome kabla hatujakaa mezani na babu yako.

Umeshafika getini, unaita, "Mama, njoo uone!"

Naja, wakili. Naja.

Mama yako.